Netflix ina sura yake, Bofa ina yake

Wasee, jaribuni kitu hiki leo usiku. Zima sauti ya runinga, weka kipindi chochote, halafu muite mtu aliye jikoni. Mpe sekunde kumi aangalie picha tu. Kisha muulize: hii ni Netflix, ni tamthilia ya Citizen, ama ni filamu ya zamani?

Mimi nilimjaribu sista yangu mdogo, yuko kidato cha tatu. Vipindi sita, akapata vyote sita. Hajui aina za kamera, hajui lenzi ni nini. Nilipomuuliza amejuaje, aliniangalia kama mjinga. "Kwani wewe huoni? Ya Netflix iko na ile rangi."

Ile rangi. Sote tunaijua hata kama hatuna jina lake. Uso umelainika, hakuna kivuli kikali. Nyuma ya mtu kumefifia kama unaangalia kupitia chupa. Usiku ni wa buluu, ngozi imevutwa kidogo kuelekea kichungwa, na kila kitu ni kisafi kupita kiasi, mpaka gari la mtu fukara halina vumbi.

Nimekuwa nikiifuatilia rangi hiyo miaka kadhaa sasa, tangu niache chuo mwaka wa pili na kuanza kupiga video za harusi, mazishi na nyimbo za wasanii wa mtaa hapa Bofa. Na nimefika mahali pa kusema hivi: ile sura si urembo tu. Ni risiti. Ukiisoma vizuri inakuambia nani alilipa, alikuwa anaogopa nini, na alidhani wewe utakuwa umeshika skrini gani. Sisi vijana wa Pwani tunaoiga ile sura bila kusoma risiti tunalipa deni la mtu mwingine. Mimi nimeshalilipa, nitawaambia jinsi gani.

Msilaumu kamera

Jibu la haraka ambalo utapewa na kila mtu mwenye kamera ni hili: "Ni vifaa, bro." Kuna ukweli ndani yake. Netflix ina orodha ya kamera inazozikubali kwa vipindi vyake yenyewe. Lazima picha iwe ya 4K, na kwa tamthilia, angalau asilimia 90 ya muda wa kipindi iwe imepigwa na kamera zilizo kwenye orodha hiyo. Humo utakuta ARRI, RED, Sony na wenzao.

Lakini hebu tufikirie. Kamera hizo hizo ndizo zinazopiga filamu za sinema ambazo hazifanani kabisa na Netflix. Kwa hivyo orodha inaeleza kwa nini picha ni kali na safi. Haielezi kwa nini zote zinafanana.

Chukua Country Queen, iliyoingia Netflix tarehe 15 Julai 2022 kama tamthilia ya kwanza ya Kenya kubeba nembo ya kampuni hiyo, kazi ya Wakenya na Wajerumani. Iweke kando ya Zora ama Sultana, zile tamthilia ambazo mama zetu walikuwa wakizisubiri jioni siku za wiki. Usiniambie upande mmoja una watu wenye vipaji na mwingine hauna. Tofauti iko kwenye ratiba. Kipindi cha kila siku lazima kitoe sehemu mpya karibu kila jioni, kwa hivyo pazia nyingi zinapigwa kwa siku moja, mara nyingi kamera zaidi ya moja zikifanya kazi pamoja. Taa zinawekwa ziangaze kila pembe, kwa sababu hakuna muda wa kuzihamisha kila mtu akigeuka. Ndiyo maana sebule ya tamthilia ya jioni huangaza mpaka chini ya kochi. Hiyo nayo ni risiti. Imeandikwa tu na duka lingine.

"Jua halina kitufe"

Risiti ya Netflix nilianza kuielewa siku nilipopata kibarua cha siku nne kwenye seti moja iliyokuja kupiga hapa ufukweni. Kazi yangu ilikuwa ya mtu wa mkono: beba hiki, shika kile, simama hapo usisonge.

Ilikuwa Machi. Huku kwetu tuko karibu na mstari wa ikweta, na Machi saa sita mchana jua linakaa juu ya utosi, kivuli chako unakikanyaga. Nikaona jamaa wanapandisha kitambaa cheupe kikubwa kama tanga la jahazi juu ya waigizaji, wanalizima jua lote, kisha wanawasha taa za LED kando. Nikashangaa. Nikamuuliza fundi wa taa, "Bosi, jua lote hili la bure, mbona tunalizima?"

Akacheka. "Mdogo wangu, jua halina kitufe."

Nilikuja kuelewa baadaye. Mazungumzo ya dakika mbili kwenye skrini yanaweza kupigwa kwa saa tano. Saa tano hapa Bofa jua limetoka baharini, limepita kichwani, limeelekea nyuma ya minazi. Ukiliacha, mwigizaji ataanza sentensi asubuhi na kuimaliza alasiri ndani ya pumzi moja. Kitambaa na taa zinafanya saa tano zionekane dakika mbili. LED hazichomi kama taa za zamani, nyingine zinatumia betri, na unaweza kubadilisha rangi yake ukiwa umekaa kwenye kiti na simu mkononi.

Kuna sababu ya pili. Picha hizo hupigwa zikiwa zimepauka makusudi, kijivukijivu, ili rangi iamuliwe baadaye kwenye chumba cha uhariri. Na kwenye kazi yenye pesa nyingi, wanaoamua ni wengi: mwelekezi, mtayarishaji, watu wa kampuni. Kivuli kikali ni uamuzi ambao huwezi kuufuta. Mwanga laini uliosambaa kila mahali unaacha mlango wazi, kila mtu aje atoe maoni yake. Picha ambayo haimuudhi yeyote kati ya watu kumi na wawili, bana, lazima itafanana na nyingine ambayo haikumuudhi yeyote kati ya wengine kumi na wawili.

Na ile nyuma iliyofifia? Sehemu ya kamera inayopokea mwanga ni kubwa, lenzi imefunguliwa wazi, kinachoonekana vizuri ni uso peke yake. Inapendeza, sikatai. Pia inaokoa pesa. Ukuta usioonekana hauhitaji kupakwa rangi.

Skrini ya matatuni

Halafu kuna wewe, msomaji, na simu yako.

Netflix ilifika Kenya Januari 2016. Septemba 2021 ikatuletea mpango wa bure kabisa, ila kwa simu za Android tu, mpango ambao ulifungwa tarehe 1 Novemba 2023. Ina maana walijua fika ukumbi wetu wa sinema uko wapi: ni kiganjani, ndani ya matatu ya Mtwapa, mwangaza wa simu umepunguzwa ili chaji ifike nyumbani. Kwa skrini hiyo, ukionyesha mtu mdogo kwa mbali kwenye mandhari kubwa, umempoteza. Kwa hivyo uso unaletwa karibu, unawekwa katikati.

Bando nayo ina neno lake. Ili video ipite hewani inabidi ibanwe, na vitu vinavyobadilika kila sekunde havibaniki kirahisi: moshi, mvua, vumbi, mawimbi, chembechembe za filamu ya zamani. Netflix yenyewe, kwa baadhi ya vipindi, huziondoa chembechembe kabla ya kutuma, kisha kifaa chako kinazitengeneza upya. Mkitaka kuona jambo hili kwa macho, pigeni video ya bahari ya Bofa siku ya upepo, halafu muiangalie kwenye bando ya kuunga unga. Maji yanageuka vigae. Picha iliyotulia, safi, isiyo na fujo nyuma, inasafiri vizuri. Usafi ule mnaousifu sehemu yake ni nauli.

Wakati mwingine hesabu inakataa. Aprili 2019, sehemu ya vita vya usiku ya Game of Thrones ilitoka na watu dunia nzima wakalalamika hawaoni kitu. Waliotengeneza waliangalia kwenye chumba cha giza, skrini ghali mbele yao. Watazamaji waliangalia sebuleni, taa imewaka. Somo ni lile lile: picha hutengenezwa kwa ajili ya mahali fulani. Ukiihamisha mahali, inabadilika.

Rangi za kuazima

Sasa tuje kwa lile buluu na kichungwa. Lina mantiki yake. Ngozi za binadamu, mweupe kwa mweusi, zote zina asili ya kichungwa ndani yake, na rangi inayoikabili ni buluu ya kijani. Ukisukuma nyuma iwe buluu, uso unaruka mbele. Kwenye simu ndogo hilo linasaidia.

Lakini rangi hutumika pia kumwambia mtazamaji aione nchi vipi. Extraction ya Netflix ya mwaka 2020 iliipaka Dhaka manjano mpaka watu wakalalamika, ni kama mji mzima una homa. Sisi tulianza kuyaona haya mapema. The Constant Gardener ya 2005 ilipigwa Kibera na Turkana: Kenya ni joto na rangi kali, Ulaya ni baridi na kijivu. Filamu yenyewe ni nzuri, sibishi. Ila mtu wa nje akizoea hivyo, Afrika bila manjano anaiona kama si Afrika. Na sisi tukizoea, tunaanza kujipaka wenyewe.

Mwaka 2023 nilimpiga video hawe wangu, yaani nyanya yangu kwa Kigiriama. Alikuwa chini ya mkorosho nyuma ya nyumba, anabangua korosho na kusimulia alivyoolewa. Dakika kumi na mbili. Ilikuwa Disemba, mabibo yameiva, mengine mekundu, mengine manjano. Yeye amejifunga leso ya kisutu, ile nyekundu, nyeusi na nyeupe.

Nikaenda nayo kwenye kompyuta, nikaweka priseti ya rangi niliyonunua mtandaoni. Kubofya mara moja tu. Majani yakawa buluu ya kijani, ngozi ikang'aa, nyuma ikafifia. Ilikuwa Netflix tupu. Watu wakaisifu sana nilipoiposti.

Nikampelekea hawe. Akashika simu kwa mikono miwili, akaangalia mpaka mwisho bila kusema kitu.

"Ni nzuri, mjukuu wangu," akasema. "Hapa ni kwa nani?"

"Ni hapa kwetu, hawe. Chini ya mkorosho."

"Aa." Akaangalia tena. "Na leso hii ni ya nani?"

Nilicheka. Niliwasimulia marafiki, nao wakacheka.

Mwaka uliofuata kipande cha nyuma kiliuzwa. Mmejionea wenyewe jinsi viwanja vinavyokwenda upande huu wa Bofa. Ukuta ukajengwa, mkorosho ukakatwa. Nikakimbilia faili asili nitoe picha ya mti kama ulivyokuwa. Hazikuwepo. Nilizifuta mwenyewe ili nipate nafasi ya harusi ya mteja. Kwa hivyo video ya pekee ya mkorosho ule, ambao baba yangu alipanda matawi yake akiwa mtoto, ina majani ya buluu. Na hawe wangu amevaa leso ya kichungwa ambayo hajawahi kuwa nayo maishani.

Hilo ndilo deni nililosema. Hakuna kampuni iliyonilazimisha. Nilivaa sare ya kazi ya watu nikaenda nayo nyumbani.

"Lakini mteja anataka hivyo"

Najua mtakachosema. Bibi harusi anakuja na picha kwenye simu, anataka harusi yake ionekane kama sirizi. Mpe. Ni pesa yake, na hata mimi nampa. Na mtu akikupa kazi ya Netflix, fuata masharti yao mpaka nukta ya mwisho, ujifunze, ulipwe. Sijasema viwango vyao ni vibaya. Vimetufundisha kujali sauti, kutunza faili, kutoiharibu picha kwa mwanga uliopitiliza.

Na teknolojia yenyewe imetufanyia mema ambayo wazee wetu hawakuyapata. Kwa miaka mingi maabara za picha zilipima rangi kwa kadi za Kodak zenye picha ya mwanamke mweupe, zikiitwa Shirley. Ngozi nyeusi ikawa inatoka kama kivuli chenye meno. Kati ya waliosukuma mambo yabadilike ni watengenezaji wa chokoleti na wa fanicha, waliolalamika kwamba rangi za kahawia za bidhaa zao hazitofautishiki. Leo kamera ya kawaida inaweza kushika tofauti ya ngozi yangu na ya sista yangu, ambaye ni mweusi kunishinda. Inauma ukipewa uwezo huo halafu ubofye kitufe kimoja na kutupaka wote rangi ya tofali.

Tena mifano ya kufanya vingine tunayo. The Letter ya Maia Lekow na Christopher King, ya mwaka 2019, inasimulia mambo ya huku huku Kilifi: nyanya anayeshukiwa uchawi na watu wa ukoo wake. Kenya iliichagua kutuwakilisha kwenye Oscar za 2021. Nilipoitazama sikuhitaji kuambiwa ni wapi. Nenda Zanzibar, utaikuta Vuta N'kuvute ya Amil Shivji, ya 2021, kutoka riwaya ya Adam Shafi. Rangi zake zimepangwa sana, lakini zimepangwa kwa ajili ya hadithi ile na mji ule, na haiogopi kivuli. Kupanga rangi si dhambi. Swali ni zimepangwa kwa ajili ya nani.

Tufanye nini sasa?

Kwanza, jueni mwanga wa kwenu kabla ya kununua wa mtu. Bahari yetu iko mashariki. Jua linatoka majini na linazama nyuma yetu, kwa hivyo jioni ufukwe unaingia kivulini mapema na maji yanakuwa kama maziwa. Ile saa ya dhahabu wanayoisifu kwenye mafunzo ya YouTube huku ni fupi, ukizubaa giza limeingia. Lakini mchanga mweupe wa Bofa unarudisha mwanga juu, unaangaza chini ya kidevu na ndani ya macho bila taa yoyote. Pasipo mchanga, chukua kifuniko cha lile boksi jeupe la kuwekea samaki barafu. Nimekitumia harusi tatu, hakuna aliyejua.

Pili, bahari si buluu kila siku, na si lazima iwe. Wakati wa kusi mwani unajaa ufukweni na maji yanachafuka. Malindi, mvua zikinyesha bara, Sabaki inamwaga tope mpaka bahari inakuwa kahawia. Mtu wa Malindi akiona bahari ya buluu kwenye video ya mwezi wa mvua anajua umemdanganya, hata asipokuambia.

Tatu, na hili nawaomba kama ndugu: msifute faili asili. Nunua memori nyingine, kopa, uza viatu. Fanya rangi yoyote unayotaka juu ya nakala, lakini weka mahali ile picha ya kwanza. Huku kwetu ukuta unajengwa kwa wiki mbili.

Disemba hii nitampiga hawe tena. Ameshakubali, ingawa ameniuliza kama safari hii atajitambua. Mkorosho haupo, nyuma yake kutakuwa na ukuta wa mtu. Basi utaonekana huo ukuta, na rangi yake ya simiti. Na kisutu kitakuwa chekundu.